Kikopo Kilichojazwa kwa Jirani

Maneno yenyewe Nyanzobe aliyapata mashineni, akiwa amekalia debe lake la mahindi akingoja zamu, na tangu siku hiyo hayakumtoka. Akienda kuchota maji yanamfuata, akipika yanakaa naye jikoni, akilala yanamtangulia kitandani. Kwamba kuna watu wanapita vijijini na boksi la barafu. Wanaomba choo cha watoto na kinyesi cha ng'ombe. Wakifika kwao wanavipima vyote viwili, na nyumba ambayo cha mtoto na cha ng'ombe vimefanana, ng'ombe wa nyumba hiyo wanaondolewa, maana imethibitika kuwa wanaambukiza watu.

"Kule Saza wameshaanza," alisema Ketrina, mwenye mashine, huku akikung'uta unga kwenye kanga yake. "Zizi la mtu limebaki na miti tu."

"Nani kaona?" mama mmoja akauliza.

"Aliyeona keshahama. Utamwulizia wapi?"

Wanawake wakacheka. Nyanzobe hakucheka. Anayecheka habari za kuhamishwa ni yule ambaye hajawahi kufunga vyombo vyake kwenye shuka. Yeye na mumewe Ndalahwa walikuwa wameambiwa ondokeni zaidi ya mara moja huko walikotoka, na kila mara kosa lilikuwa la ng'ombe. Mara wanakausha mto, mara wamekula shamba la mtu. Walipofika huku bondeni Momba, upande wa Ivuna, ndipo walipopumua. Sasa ikaja sababu mpya, hii ya kubebwa kwenye boksi.

Tena yeye alikuwa na la kuogopa kuliko wenzake. Kwake ndama walilala ndani ya nyumba, nyuma ya kizuizi cha miti, hatua chache kutoka kitanda cha mtoto. Mtoto wake Rozi, aliyekuwa na miaka miwili, alijifunza kutembea zizini akiwa ameshika mkia wa ndama. Halafu kulikuwa na suala la maziwa.

Alikuwepo ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe, kiwele chake hakiishi kuvimba. Ndalahwa alikuwa akimchoma sindano mwenyewe, kwa ile dawa ya chupa yenye maji meupe anayowaagiza madereva wanaopanda Mlowo. Mwenye duka la dawa za mifugo alishasema kwamba ng'ombe akichomwa, maziwa yamwagwe mpaka dawa iishe mwilini. Mnunuzi wa maziwa naye hataki hata kuyanusa. Lakini nani amwage maziwa na mtoto yupo? Nyanzobe alimpa Rozi. Tena hakumpa kwa kukosa kingine, alimpa kwa makusudi. Rozi alikuwa mtoto wa homa, inakuja inaondoka, na kama dawa imeingia kwenye maziwa, si mtoto anashiba na kupona kwa mpigo mmoja? Akina mama wa pale wengi walifanya hivyo na walifundishana. Waliyaita maziwa ya sindano. Mwenye nayo alimpelekea jirani mwenye mtoto mgonjwa, na jirani alishukuru kama mtu aliyepewa asali.

Basi Nyanzobe akajisemea moyoni, hao watu wakipima kwangu, vitafanana tu. Vitaachaje kufanana?

Wakaja. Ilikuwa asubuhi, wamepanda pikipiki, dereva mbele na mwanamke mwembamba nyuma aliyekumbatia boksi la bluu. Mwanamke alivaa buti za mpira, akajitambulisha kuwa anaitwa Tulinagwe, kwao Ileje, na anafanya kazi ya maabara.

"Mwangaluka, mayu," akasalimia kwa Kisukuma.

Nyanzobe aliitikia vizuri, lakini ndani akashtuka. Mtu aliyejifunza salamu yako kabla hajafika kwako, anachokitaka si kidogo.

"Tunatafuta vijidudu vya tumboni, mama," Tulinagwe akaeleza, amekaa kwenye kigoda, magoti juu. "Kila mtu anavyo, kila ng'ombe anavyo, vingi havina shida. Ila vingine vimejua kuvunja dawa. Unampa mtoto dawa, vyenyewe vinaivunja kabla haijafanya kazi. Tunataka kupima vya watoto vinavunja kwa nguvu gani, na vya ng'ombe kwa nguvu gani."

"Vinavunjaje na havina mikono?"

"Vina kimeng'enya. Umesoma, mama?"

"Nimemaliza la saba."

"Basi unakumbuka. Ukitafuna ugali muda mrefu unakuwa mtamu, kwa nini?"

"Mate," Nyanzobe akajibu, akajikuta ametabasamu bila kupenda. "Kimeng'enya kilichomo kwenye mate."

"Hapo hapo. Mate yanavyoumeng'enya ugali, ndivyo hivyo vijidudu vinavyoimeng'enya dawa."

Tabasamu likaisha. "Na vya mtoto na vya ng'ombe vikifanana?"

"Vikifanana tutajua."

"Mtajua nini?"

"Tutajua kwamba vinafanana," Tulinagwe akasema, akacheka.

Jibu lile Nyanzobe aliligeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti mbovu. Mtu mkweli hujibu hivyo? Hata hivyo Ndalahwa alikuwa ameshakubali. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuomba, na mgeni wa mwenyekiti humfukuzi. Wakaenda zizini. Tulinagwe akavaa glovu ndefu, akachukua kwa ng'ombe mmoja mmoja, na kwa yule wa baka jeupe pia. Nyanzobe alihesabu kwa macho kila kilichoingia kwenye boksi. Zamu ya Rozi ilipofika, Rozi hakuwa na haja. Tulinagwe akaacha kikopo chenye mfuniko na kijiko kidogo ndani yake.

"Akienda choo, weka kidogo tu humu. Nitapitia kesho asubuhi."

Pikipiki haijapotea vizuri, Nyanzobe alikuwa ameshavuka njia kwenda kwa Scola.

Scola alikuwa jirani yake, mchuuzi wa chumvi. Hakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Mwanawe Brian alikuwa rika moja na Rozi, mtoto mnene, mwenye sauti, anayekula chochote na haugui. Maziwa hakuyapenda hata ya dukani.

"Mama Brian, nina shida nawe. Usinicheke."

"Shida gani ya kuja na kikopo? Unataka chumvi?"

Nyanzobe akaeleza. Scola akaketi chini kabisa kwa kicheko. "Miaka yote nauza chumvi, hakuna aliyewahi kuja kuniomba mavi! Chukua, mwenzangu. Lete hata ndoo, huyu hana uchoyo."

"Punguza sauti."

"Na wakigundua?"

"Watagundua vipi? Mavi yana jina?"

"Haya. Ila wakija kusema mtoto wako ana akili za chumvi, mimi simo."

Asubuhi Tulinagwe alipitia kikopo. Akabandika karatasi yenye jina la Rozi, akashukuru, akaondoka. Nyanzobe hakumwambia hata mumewe. Aliona amewaokoa ng'ombe peke yake, kimyakimya, kama mwanamke anavyozima moto wa jikoni kabla wageni hawajaona moshi.

Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa. Tulinagwe aliyaleta mwenyewe, maana Nyanzobe hakwenda kwenye mkutano wa kuyasoma. Alitoa simu akamwonyesha picha. Ilikuwa sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo vilivyopangwa kwa mistari, kila kishimo na tone la maji.

"Maji haya yana rangi ya njano tukianza. Kimeng'enya kikiwepo, yanageuka mekundu. Kikiwa na nguvu nyingi, yanageuka upesi. Huu mstari ni wa ng'ombe wako."

Mstari ulikuwa mwekundu, na kwa yule wa baka jeupe ulikolea kama damu ya kuku.

"Na huu ni wa mtoto."

Njano. Njano tupu, mpaka mwisho.

"Havifanani," Nyanzobe akasema.

"Havifanani kabisa. Nimeshangaa kidogo, maana nilimwona mtoto anavyoshinda na ndama. Lakini ndiyo majibu." Tulinagwe akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Kile kikopo ulikijaza mwenyewe, mama?"

"Kwani nani mwingine ni mama yake?"

Siku ile Nyanzobe alipika wali bila sikukuu. Ndalahwa akauliza kuna nini, akaambiwa kula.

Furaha ya wali ule haikukaa. Rozi alishikwa na homa, na safari hii haikuwa ile ya kuja na kuondoka. Kila akikojoa alilia, akajikunja, akawa anabana mkojo kwa kuogopa maumivu. Nyanzobe akampeleka zahanati. Tabibu pale alikuwa kijana aitwaye Gwamaka. Alipima malaria, haikuwepo. Akapima mkojo, akatikisa kichwa.

"Vijidudu vya tumboni vimepanda kwenye njia ya mkojo. Kwa watoto inatokea." Akainua simu, akaongea na Tulinagwe, akarudi na uso mwepesi. "Una bahati, mama. Mtoto wako yumo kwenye ule upimaji. Vijidudu vyake havivunji dawa. Amoksilini ya maji itatosha, usiniombe sindano."

Nyanzobe akapokea chupa. Alijua kikopo kile kilikuwa cha nani, lakini akajiambia labda. Labda na vya Rozi ni vya njano. Nani amevipima?

Alimpa dawa kama alivyoagizwa, bila kuruka. Homa haikushuka. Akarudi. Gwamaka akamtazama mtoto, kisha akamtazama mama.

"Unampa kweli?"

"Nampa."

"Kipimo chote? Hamgawani na mtu? Maana dawa hii ilitakiwa ifanye kazi. Majibu yapo wazi."

"Nimesema nampa!"

"Basi mpe tena, usikatishe. Siwezi kurukia dawa kubwa wakati majibu yanasema ndogo inatosha. Dawa kubwa tukizichezea nazo zitavunjwa."

Njiani Nyanzobe alilia kwa hasira. Yule kijana alimwona mwongo mahali ambapo alikuwa mkweli, na mahali alipokuwa mwongo alimwamini kabisa. Nyumbani Rozi alikataa uji. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na alipoitwa jina alichelewa kugeuka. Kwa mama, mtoto kuchelewa kugeuka ni kengele.

Ndalahwa alirudi na ng'ombe jioni jua likiwa bado lipo. Nyanzobe alimkuta mlangoni mwa zizi.

"Baba Rozi, kile kikopo sikuweka cha Rozi."

"Kikopo kipi?"

"Cha wale watu. Niliweka cha Brian wa Scola. Wanamtibu Brian mle ndani ya Rozi."

Ndalahwa aliweka fimbo chini taratibu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo huyapeleka malishoni kwanza akayafikiri. Safari hii hakupata nafasi.

"Kwa nini?"

"Ili visifanane."

Akaelewa bila kuongezewa, maana na yeye maneno ya mashineni yalishamfikia. Akawatazama ng'ombe wanavyoingia wakisukumana.

"Ukienda kusema, watapima upya."

"Watapima."

"Vitafanana."

"Vitafanana."

"Subiri kesho. Nitafute mtu wa kuwahamishia wachache, hata nusu. Kesho tu, mama Rozi."

Ndani, Rozi akaguna. Halikuwa jambo la ajabu, mtoto mgonjwa huguna. Lakini Nyanzobe alimwona mumewe akigeuza shingo kwenda kwenye ile sauti, kisha akiirudisha kwa ng'ombe, kisha tena, na akajua kwamba akingoja shingo ile iamue atachelewa. Akaingia, akamfunga mtoto mgongoni, akapita mbele yake. Ndalahwa hakumzuia. Hakumsindikiza pia.

Scola alimtafutia pikipiki, akapanda nyuma yake kumshikilia mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu Nyanzobe amjue, hakutoa utani hata mmoja.

Gwamaka alikuwa anafunga dirisha. Tulinagwe alikuwepo pia, anapakia boksi lake kwenda kituo kingine. Nyanzobe aliwakuta wote wawili, akaona afadhali, maana alikuwa na nguvu ya kusema mara moja tu.

"Vile vya njano si vya mwanangu. Ni vya mwanawe huyu hapa. Mwanangu anakunywa maziwa ya ng'ombe wa baka, yule mliyesema mwekundu. Anayanywa akishachomwa sindano. Mimi ndiye ninayempa. Ng'ombe mtachukua, chukueni, ila mwanangu mtibuni kwa vya kwake."

Scola akainua kidole kama mwanafunzi. "Ni kweli. Mimi ndiye mwenye mavi."

Tulinagwe alikaa juu ya boksi. Usoni mwake ilipita hasira, ikafuatwa na kitu kingine. "Dawa gani anachomwa huyo ng'ombe?"

"Ya maji meupe, kwenye chupa."

Wale wawili wakatazamana. "Ndugu yake amoksilini," Tulinagwe akamwambia Gwamaka. "Ukoo mmoja. Kinachovunja ile kinavunja na hii."

Gwamaka hakusubiri kupima. Vijidudu lazima vioteshwe kwanza, na mtoto hakuwa na muda huo. Alichoma sindano ya dawa nyingine, akatundika maji, akaita gari la kwenda hospitali ya Tunduma. "Namtibu kwa maneno yako, mama," alisema akitafuta mshipa kwenye mkono mdogo, na safari hii sauti yake haikuwa na shaka wala ukali. "Ningekuwa nayo tangu siku ya kwanza, tungekuwa tumeshapona." Kabla gari halijafika, Tulinagwe alichukua mkojo na choo cha Rozi. Nyanzobe alitaka kikopo kifungwe mbele yake, akaandika jina kwa mkono wake mwenyewe.

Rozi alilala wodini Tunduma, akapigania uhai wake. Kuna siku moja Nyanzobe aliomba Mungu na hakujua anaomba nini. Halafu homa ikashuka, mtoto akakojoa bila kulia, akaomba hindi la kuchoma lililokuwa mkononi mwa mgonjwa wa jirani.

Ndalahwa alifika huko akiwa amechoka na amejaa vumbi, amevaa koti lake la harusi. Alimbeba mtoto muda mrefu. Tulinagwe naye alikuwa amefika na picha mpya. Mstari wa ng'ombe na mstari wa mtoto, mmoja chini ya mwingine, na yote ilikuwa myekundu. Ilikuwa imegeuka kwa kasi ileile, alisema, mpaka ukifunika majina huwezi kujua kipi cha mtu na kipi cha mnyama.

Ndalahwa akaitazama picha. "Sasa mnawachukua lini?"

"Nani?"

"Ng'ombe."

Tulinagwe akaanza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha. "Baba, mimi sina mamlaka ya kuchukua hata kuku. Hata sijui nani alimwambukiza nani. Huenda ng'ombe alianza, huenda mtoto, huenda ni maji wanayokunywa wote. Ninachojua, dawa mnayochoma ovyo ndiyo inayovifundisha vijidudu kuivunja."

"Na wengine? Wakubwa wako wakiona hiyo picha?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Karatasi tunazopeleka kwa wakubwa haziandiki jina la mtu wala la kitongoji. Hilo naweza kuapa. Kwamba hakuna mwingine atakayekuja siku moja na sababu nyingine, hilo siwezi."

Ajabu ni kwamba jibu lile ndilo lililomtuliza Nyanzobe, kuliko salamu ya Kisukuma. Mpaka leo ng'ombe wako zizini. Mpaka leo pikipiki ngeni ikilia njiani, Ndalahwa husimama. Nyanzobe naye husimama, ila jicho lake hutangulia kwa mtoto, ng'ombe baadaye.

Mama mwenzangu unayesoma, shaka yako kaa nayo, si dhambi. Uliza mpaka wakuchoke. Lakini haya yaepuke:

Usimpe mtoto maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano. Mwaga, hata ukilia.

Usimpelekee jirani maziwa hayo kwa wema.

Usimpe mtu dawa ya ng'ombe, wala ng'ombe dawa ya mtu.

Usimchome ng'ombe kila kiwele kikivimba. Mwite mtaalamu wa mifugo kwanza.

Usilaze ndama chumba kimoja na mtoto.

Usimwache mtoto ale kabla hajanawa, akitoka zizini.

Usikatishe dawa ya mtoto kwa kuwa amechangamka, na isipomsaidia usikae nayo nyumbani.

Usijaze kikopo cha mwanao kwa jirani. Kama hutaki kupimwa, sema sitaki, urudishe kikopo kitupu.

Usimfiche tabibu alichokula na alichokunywa mtoto, hata kama ni aibu.

Usingoje kesho mtoto akichelewa kugeuka ukimwita.